Peter Mkuu: Mfalme aliyekereza zawadi kwa mikono yake

MWAKA 1716, Mfalme Friedrich Wilhelm I wa Prussia, nchi ambayo sehemu yake leo iko Ujerumani, alimpa mgeni wake zawadi ya kutoa macho. Zilikuwa kuta za chumba kizima zilizopambwa kwa kaharabu, ule utomvu wa miti ya kale uliogeuka kama jiwe la rangi ya asali. Usifikirie pete wala kidani. Chumba kizima!

Mgeni mwenyewe alikuwa Peter wa Kwanza, mfalme wa Urusi, ambaye historia inamwita Peter Mkuu. Sasa jiulize: wewe ukipewa kitu kama hicho, utarudisha nini?

Peter alirudisha zawadi tatu. Ya kwanza ni askari 55 warefu kama milingoti, maana Friedrich Wilhelm alikuwa na wazimu wa kukusanya wanaume warefu katika kikosi chake. Ya pili ni mashine ya kukereza. Ya tatu ni kikombe cha pembe za ndovu, ambacho Peter alikuwa amekikereza yeye mwenyewe, kwa mikono yake.

Ndiyo, umesoma sawa. Watu 55 walitumwa kwenye orodha moja na kikombe. Jambo hilo tutalirudia baadaye, kwa sababu maisha yote ya huyu jamaa yamo ndani ya orodha hiyo.

Kwanza tuelewane kuhusu kukereza. Ni kazi ya kufunga kipande cha mti au pembe kwenye mashine, kukizungusha kwa kasi, kisha kukigusisha makali ya patasi hadi kipate umbo la mviringo. Watu wa Pwani wamekuwa na neno hili tangu zamani, na mashine yenyewe wanaiita kerezo. Miguu ya vitanda vya kale vya Lamu ilitoka huko. Ukipita kwa maseremala wa mjini leo utaona miguu ya viti na nguzo za ngazi zikitengenezwa hivyo hivyo, ila sasa ni kwa umeme.

Siku hizi kuna vijana wanaokereza hata vizibo vya chupa vya mapambo na kuwapa marafiki kama zawadi ya harusi au ya siku ya kuzaliwa. Kipande kidogo cha mbao ambacho fundi angekitupa jikoni kiwe kuni, kinageuka kitu ambacho mtu atakiweka mezani kwa miaka. Peter angewaelewa vijana hao mara moja.

Mtoto aliyekulia katika hofu

Peter alizaliwa Moscow mnamo Juni 9, 1672 kwa kalenda tunayoitumia leo. Baba yake, Mfalme Alexis, alifariki 1676 kabla mtoto hajafikisha hata miaka minne.

Mwaka 1682, Peter akiwa na umri wa karibu miaka 10, ndugu yake mkubwa aliyekuwa mfalme naye alifariki, na vita vya urithi vikazuka ikulu. Askari wa jeshi la walinzi, walioitwa streltsy, waliivamia ikulu ya Kremlin na kuwaua watu wa upande wa mama yake. Inaelezwa kwamba mtoto huyo aliyaona mauaji kwa macho yake.

Baada ya hapo alitawazwa pamoja na kaka yake wa kambo, Ivan, aliyekuwa mgonjwa. Lakini mwenye usukani hasa alikuwa dada yao, Sophia. Peter na mama yake wakawa wanaishi zaidi katika kijiji cha Preobrazhenskoye, nje ya Moscow.

Huko hakukuwa na mtu wa kumbana sana. Mfalme mtoto alicheza vita na vijana wa hapo kijijini, akashika nyundo, akashika shoka, akajifunza useremala na uhunzi. Kwa watoto wa ukoo wa kifalme wa Urusi, hizo zilikuwa kazi za watumishi. Yeye hakujali.

Karibu na Moscow palikuwa na mtaa wa wageni kutoka Ulaya Magharibi: Waholanzi, Wajerumani, Waskoti. Peter aliuzoea mtaa huo kama kwao. Mwaka 1688 aliikuta mashua kuukuu ya kigeni imeachwa ghalani, na fundi mmoja Mholanzi akamtengenezea. Tangu siku hiyo maji na meli vilimteka akili. Mwaka uliofuata alimwondoa Sophia madarakani, na Ivan alipofariki 1696, Peter akabaki mfalme peke yake.

Mfalme aliyeomba kibarua

Mwaka 1697 alifanya jambo ambalo hakuna mfalme wa Urusi aliyewahi kulifanya. Alifunga safari ya Ulaya Magharibi na ujumbe wa watu zaidi ya 200, huku yeye akijificha ndani ya ujumbe huo kwa jina la Peter Mikhailov, mtu wa kawaida tu.

Kujificha huko kulikuwa kichekesho. Jamaa alikuwa na urefu wa mita 2 hivi, kila mtu akiwa chini ya bega lake. Katika mji mdogo wa Zaandam, Uholanzi, alipanga kwa mhunzi mmoja katika nyumba ya mbao, akanunua vifaa na kuanza kazi kwenye gati la kuundia meli. Siku chache tu watu wakamjua, umati ukamfuata kila aendako, ikabidi ahamie Amsterdam.

Amsterdam alifanya kazi kwa zaidi ya miezi minne katika karakana ya meli ya kampuni kubwa ya biashara ya Waholanzi. Aliamka alfajiri na wenzake, akabeba mbao, akapiga misumari, na mwisho bwana wake wa kazi akampa cheti cha kuthibitisha kwamba ameiva. Mfalme mzima anapokea cheti kama kijana aliyetoka chuo cha ufundi!

Kutoka hapo alivuka hadi Uingereza mapema 1698 na kukaa Deptford, karibu na London, katika nyumba ya mwandishi John Evelyn. Mchana alisoma uchoraji wa ramani za meli. Usiku yeye na wenzake walikunywa na kuivuruga nyumba ya watu: viti vilivunjwa, picha zikatobolewa, na ua wa miti ambao Evelyn aliutunza kwa miaka mingi ukaharibiwa kwa mchezo wa kusukumana kwa toroli. Serikali ya Uingereza ndiyo iliyolipa gharama.

Basi huyo ndiye Peter. Mtu aliyeheshimu mbao akiwa kazini, na kuvunja viti vya mwenyeji wake akiwa amelewa.

Safari ilikatizwa na habari kwamba askari wa streltsy wameasi tena. Alirudi Moscow, na adhabu iliyofuata ilikuwa ya kutisha. Mamia walinyongwa au kukatwa vichwa, na maiti ziliachwa zikining'inia kwa miezi kadhaa ili kila mtu aone. Mtoto aliyeshuhudia mauaji ya 1682 alikuwa amekua, na kisu sasa kilikuwa mkononi mwake.

Karakana ndani ya ikulu

Mwaka 1700 Peter aliingia vitani dhidi ya Uswidi, taifa lililokuwa na nguvu kubwa Ulaya Kaskazini. Alianza kwa kichapo kikali huko Narva. Mwaka 1703 aliweka msingi wa mji mpya, St Petersburg, kwenye ardhi ya matope karibu na bahari ya Baltic. Mwaka 1709 aliwashinda Waswidi huko Poltava, na vita vilipokwisha 1721 Urusi ikawa dola kubwa, naye akaitwa Kaisari.

Katikati ya mambo yote hayo, mfalme alikuwa na mahali pake pa kupumua. Katika makazi yake St Petersburg, ikiwemo ile nyumba ya kiangazi iliyoko bustanini, alitenga vyumba vya kuweka makerezo. Alipopata saa moja au mbili, alivua koti, akavaa aproni ya ngozi na kuanza kukereza. Hata mawaziri hawakuingia humo ovyo ovyo.

Mwaka 1712 alimleta katika karakana hiyo kijana wa miaka 19 anayeitwa Andrey Nartov, aliyezaliwa Moscow na kujifunza kukereza katika shule ya hesabu na ubaharia ambayo Peter mwenyewe aliianzisha 1701. Nartov hakutoka kwenye familia kubwa. Alichokuwa nacho ni mkono na kichwa.

Nartov akawa mwalimu wa mfalme. Hebu fikiria: kijana asiye na cheo amesimama nyuma ya mtu anayeweza kuamuru watu wauawe, na kazi yake ni kumwambia pale alipokosea.

Lakini ndivyo kerezo lilivyo. Mti ukizunguka haujui nani ameshika patasi. Ukiigusisha kwa pembe mbaya, inanasa, inaruka na kuchana kazi ya saa tatu. Ukikandamiza kwa hasira, kikombe kinapasuka. Huwezi kuutisha mti, wala kuutoza kodi, wala kuupeleka Siberia. Inabidi uusikilize, uondoe kidogo kidogo, usimame, uangalie, uondoe tena. Pengine ndiyo maana Peter alipapenda mahali pale. Kwingine kote alisikia ndiyo, ndiyo. Pale tu ndipo alipoambiwa ukweli na kipande cha mti.

Nartov hakuishia kumfundisha mfalme. Alibuni mashine ambazo patasi yake ilishikwa na kuongozwa na mtambo wenyewe badala ya mkono wa mtu, na ambazo ziliweza kunakili picha kutoka kielelezo kimoja hadi kipande kingine. Ilikuwa miongo mingi kabla ya Henry Maudslay kujulikana Uingereza kwa kazi kama hiyo mwishoni mwa karne ya 18. Teknolojia inayokata vyuma vya magari na mitambo viwandani leo ina mizizi kwenye mawazo ya aina hiyo.

Mwaka 1718 Peter alimtuma Nartov ng'ambo: Prussia, Uholanzi, Uingereza na Ufaransa. Inaelezwa kwamba alipopita Berlin alimfundisha Friedrich Wilhelm kukereza, kwani zawadi ya mashine bila mtu wa kukuonyesha ni chuma tu. Paris aliwaonyesha wanasayansi wa chuo chao kazi zake, nao wakamsifu sana. Mashine mojawapo ya Nartov imehifadhiwa Paris hadi leo katika jumba la makumbusho ya sanaa na ufundi.

Zawadi za mkono

Peter alikereza vitu vingi: visanduku vya tumbaku, vinara vya mishumaa, vikombe, picha za mviringo za kukumbuka vita. Vingi alivigawa. Baada ya kupata nafuu kwa maji ya chemchemi za madini huko Karelia, alikereza kinara kikubwa cha kuning'inia cha pembe na kukitoa kwa kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo katika mji wake mpya, kama shukrani.

Sasa, mfalme wa Urusi angeweza kutoa chochote. Dhahabu ilikuwepo. Manyoya ya thamani yalikuwepo. Ardhi ilikuwepo, tena pamoja na wakulima waliofungwa humo kisheria. Lakini ukitazama vizuri utagundua kwamba karibu kila alichokuwa nacho kilitoka kwa mtu mwingine. Dhahabu ilichimbwa na wengine, manyoya yaliwindwa na wengine, kodi ililipwa na maskini.

Kikombe alichokikereza ni tofauti. Zile saa zilikuwa zake. Yule aliyekipokea alijua kwamba mtu mwenye shughuli kuliko wote Urusi alikaa chini, akavumbika unga wa pembe, akamfikiria. Hiyo ndiyo maana ya zawadi ya mkono, na ndiyo sababu mtu haoni aibu kuipeleka mbele ya chumba cha kaharabu.

Hata hivyo, pembe zenyewe hazikuota Urusi. Ndovu hawaishi huko. Zilitoka mbali, kupitia mikono ya wafanyabiashara wengi, na hakuna aliyeandika jina la aliyezibeba.

Mtoto aliyetolewa kama zawadi

Hapa ndipo tunarudi kwa wale askari 55. Hakuna aliyewauliza kama wanataka kuhamia Prussia. Walipimwa urefu, wakapelekwa.

Na hawakuwa peke yao. Mwaka 1704 mawakala wa Urusi waliopo Constantinople, mji unaoitwa Istanbul leo, walimpata mtoto wa Kiafrika aliyekuwa ametekwa utumwani na kumpeleka kwa Peter. Watafiti wengine wanasema alitoka upande wa Eritrea au Ethiopia ya leo, wengine wanasema karibu na Cameroon. Wakati huo wafalme wa Ulaya walipenda kuwa na watoto weusi katika ikulu zao, kama pambo.

Mwaka 1705 mtoto huyo alibatizwa, Peter akawa baba yake wa ubatizo. Tunamjua kwa jina la Abram Petrovich Gannibal. Alikulia karibu sana na mfalme, akisafiri naye, na inaelezwa kwamba kitanda chake kilikuwa jirani na karakana ya kukereza. Kwa hiyo sauti ya patasi ikila mti huenda ilikuwa miongoni mwa sauti za utoto wake.

Peter aliona kwamba kijana ana akili ya hesabu. Mwaka 1717 alimwacha Ufaransa asome uhandisi wa kijeshi, na Gannibal akarudi Urusi 1723. Alipanda hadi cheo cha jenerali, akajenga ngome na mifereji, na alifariki 1781. Mshairi mkubwa kuliko wote wa Urusi, Alexander Pushkin, ni kitukuu chake.

Tunapenda kuisimulia hadithi hiyo kwa fahari, na fahari ipo. Ila tusisahau ilipoanzia. Mtoto wa mtu aliondolewa kwao, akavushwa bahari, akakabidhiwa kama kisanduku cha tumbaku. Peter alimpenda na kumsomesha, hilo ni kweli. Pia ni kweli kwamba hakuona ubaya wa kumpokea.

Hapo ndipo maisha ya mfalme huyu yanaposhangaza. Subira aliyokuwa nayo kwa mti hakuwa nayo kwa watu. Maelfu ya wafanyakazi wa kulazimishwa walikufa kwa baridi, njaa na magonjwa wakijenga St Petersburg. Wakulima walilemewa na kodi mpya ya kila kichwa cha mwanamume. Mwaka 1718 mwanawe mwenyewe, Alexei, ambaye hakufanana naye kwa lolote, alituhumiwa kwa uhaini, akateswa na kufia gerezani. Kerezoni Peter alijua kabisa kwamba ukikandamiza sana, kitu kinapasuka.

Kilichobaki

Peter alifariki Februari 8, 1725 baada ya ugonjwa wa muda mrefu wa njia ya mkojo, akiwa na miaka 52. Alikuwa hajamtaja mrithi. Mkewe, Catherine, aliyezaliwa katika familia ya hali ya chini, akakalia kiti cha enzi.

Nartov hakuwa tena na mlezi. Aliondolewa ikulu, akafanya kazi katika kiwanda cha kutengeneza sarafu na baadaye katika kutengeneza mizinga. Aliandika kitabu kikubwa chenye michoro ya makerezo yake, akakikamilisha karibu na mwisho wa maisha yake, lakini kikakaa bila kuchapishwa. Alikufa 1756 akiwa na madeni. Fundi aliyemfundisha mfalme hakuachiwa hata hela ya kulipa wadai, na mafundi wengi wa kwetu wataielewa hadithi hiyo bila kuelezwa zaidi.

Chumba cha kaharabu nacho kilikuwa na mkosi wake. Wanajeshi wa Ujerumani ya Kinazi walikibomoa na kukibeba 1941 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na hakijaonekana tangu vita hivyo viishe. Kile wanachokitazama watalii karibu na St Petersburg leo ni nakala iliyofunguliwa 2003.

Lakini makerezo ya Peter yapo. Vipo pia vitu alivyovikereza, vimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya mji alioujenga. Ni vidogo, na mtu anaweza kuvipita haraka akikimbilia taji na magari ya kifalme. Ukisimama hapo unaona mistari midogo ya patasi, sawasawa, pale ambapo mtu mwenye papara alilazimika kutulia.

Kijana anayekereza kizibo cha chupa leo katika karakana ya mtaani ana bahati ambayo Peter hakuwa nayo. Hana askari wa kumtuma mtu, wala kijiji cha kugawa. Ana kipande cha mbao, patasi na jioni moja, na atakayempa zawadi hiyo atajua kwamba hakuna mwingine aliyelipia gharama yake.